Amejitoa, au Amejitolea?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya maneno machache ambayo kila Dominika, baada ya Misa, husikika mbele ya kanisa letu la Nyangezi: baraza, shauri, shirika, kujitolea, bure. Ni maneno ya kila siku, na labda mtauliza kwa nini gazeti la jamaa za kikristu litumie nafasi yake kwa maneno ambayo hata mtoto wa darasa la pili ayajua. Twawajibu mapema: sisi nasi tuliyajua vivyo hivyo, na kwa herufi mbili tu tulizoziacha, mama mmoja mzee wa mlima wetu aliondolewa katika kazi yake ya huruma muda wa miezi minane. Habari hiyo tutaieleza mahali pake. Kwanza tuanze na baraza.

Mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa barza ni nini. Ni ile sehemu ya mbele ya nyumba, yenye paa lakini isiyo na ukuta, watu wanapoketi jioni na mgeni anapopewa kiti kabla ya kukaribishwa ndani. Huko pwani, Lamu na Zanzibar, baraza ni kiti kirefu cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa njia. Hapo mwenye nyumba hukaa na jirani zake, na mpita njia husikia yasemwayo. Neno lenyewe latoka katika Kiarabu, na asili yake ni kutokea nje, kujionyesha mahali peupe. Katika nchi ya Oman hata Sultani alikuwa na barza yake: siku ya barza alitoka akaketi, na watu wakamfikia kwa maneno yao. Misafara ya wafanya biashara ililichukua neno hilo kutoka pwani mpaka Tabora, Ujiji na Kasongo, na kutoka huko likatufikia sisi wa Kivu.

Basi kwa asili yake baraza si chumba. Ni mahali pasipo mlango. Twasema hivyo kwa sababu katika maisha yetu tumehudhuria mabaraza mengi yaliyofungwa kwa ufunguo, na mara nyingi mambo yaliyoamuliwa humo yalitushangaza tulipoyasikia nje. Katika Injili ya Kiswahili, wale wakubwa wa Wayahudi waliomhukumu Bwana wetu Yezu Kristu huitwa Baraza. Nalo lilikutana usiku, nyumbani kwa kuhani mkuu. Hatutaki kuvuta neno kupita kiasi, lakini kila tusomapo habari hiyo twaona kwamba baraza lile lilikuwa limekwisha kupoteza maana ya jina lake kabla hata ya kutoa hukumu.

Wakati wa Wabelgiji neno lilipata sura nyingine tena. Siku ya baraza ilikuwa siku ya kuitwa na mkubwa: kuambiwa habari za kodi, za barabara, za mashamba ya lazima. Mtu hakwenda kusema, alikwenda kusikia. Lakini sisi Washi tulikuwa na desturi yetu kabla ya neno hili kufika. Bashamuka, yaani wanaume wazima wenye kuheshimiwa, waliketi pamoja na mkubwa wa mahali, wakasikiliza magomvi ya mashamba, ya mahari na ya ng'ombe, kila mmoja akisema kwa zamu yake, na mwisho wakanywa kasiksi pamoja na walioshindwa. Wazee wetu wapenda kuusifu sana wakati ule. Sisi twausifu kwa kipimo, maana mama zetu hawakuhesabiwa katika bashamuka, wala vijana, na nusu ya habari za mlima zilibaki jikoni.

Neno la pili ni shauri. Nalo ni mgeni kutoka Uarabuni, na mzizi wake ni kutafuta maoni ya mwenzako kabla ya kutenda. Kwalo tumepata mshauri, ushauri, kushauriana, na hata halmashauri, neno ambalo ndugu zetu wa Tanzania hulitumia kuliko sisi. Lakini tazameni jinsi neno jema linavyoweza kuharibika kinywani! Kwetu Kivu mtu akisema, «Sikuja shauri ya mvua,» maana yake ni kwa sababu ya mvua tu, wala hakuna aliyeshauriana na mvua. Na mtu akikuambia, «Shauri yako!» maana yake ni kwamba amekuacha peke yako na taabu yako, hataki kusikia zaidi. Neno la kukaa pamoja limekuwa neno la kufukuzana.

Katika parokia neno hili lina ugumu wake, nao umetuletea maneno makali zaidi ya mara moja. Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983, katika kanuni ya 536, yasema kwamba baraza la parokia lina sauti ya kushauri tu. Uamuzi ni wa Padri Paroko. Siku moja tulipokuwa tukieleza jambo hilo kwa wajumbe wapya, kijana mmoja alisimama akauliza, «Kama twashauri tu, na mwingine ndiye anayeamua, kwa nini nije hapa na kuacha mbuzi zangu?» Watu walicheka. Lakini swali lilikuwa la kweli, na jibu tulilompa siku ile halikuwa jema; tulimwambia kwamba utii ni fadhila. Ni kweli kwamba utii ni fadhila, lakini kijana hakuuliza habari za utii. Yafaa tungalimwambia hivi: mwenye kushauri hana amri, lakini ana deni, amewiwa kusema lile alionalo kwa macho yake, hata kama halipendezi, na mwenye kuamua amewiwa kulisikia lote kabla ya kufungua kinywa. Padri asiyesikiliza amelivunja shauri, na mjumbe anyamazaye kwa hofu au kwa adabu ya uongo amelivunja vilevile. Tumewaona wote wawili, lakini wale wa pili ni wengi zaidi.

Juu ya mabaraza makubwa ya Kanisa tutasema kwa kifupi. Mtaguso ni neno la Kanisa peke yake. Hatujapata kulisikia sokoni wala katika nyumba ya mwami. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962 ukafungwa tarehe 8 Desemba 1965, na Maaskofu zaidi ya elfu mbili walikutana Roma, wa kwetu Afrika wakiwa miongoni mwao. Sinodi ni neno la Kigiriki, na maana yake ni kwenda njia moja pamoja. Sinodi ya mwisho juu ya jambo hilohilo la kwenda pamoja ilianza mwaka 2021 ikamalizika Roma mwezi wa Oktoba 2024. Mzee mmoja wa kwetu alipoelezwa maana ya neno hilo alisema, «Basi sinodi yetu ni barabara ya Ngomo.» Wasomaji wanaoijua njia iendayo Kamanyola, jinsi inavyojikunja kwenye ukingo wa mlima ule, na jinsi mwenye mzigo anavyomngoja mwenzake, watamwelewa.

Lakini Maaskofu wa Kongo hawakungoja Mtaguso ufunguliwe. Katika mkutano wao wa mwaka 1961 walikwisha kusema kwamba parokia kubwa zigawanywe katika jumuiya ndogo zilizo hai, ambamo wakristu wajuana kwa majina. Katika jimbo letu la Bukavu jumuiya hizo twaziita mashirika. Hilo nalo ni neno la kuangaliwa. Mzizi wake ni kuwa na fungu pamoja na mwenzako, kama watu wawili wanaomiliki ng'ombe mmoja. Kwa mzizi huohuo tuna ushirika, na tuna shirika la biashara; na, ajabu, tuna pia ushirikina, kwa sababu katika mafundisho ya Waislamu dhambi kubwa ni kumpa Mungu mshirika. Mwenye kuagua kwa mifupa ya kuku na mwenye kusali rozari katika shirika lake majina yao ni ya ukoo mmoja! Twalisema hili bila mzaha. Mara mbili tumeona watu wa shirika moja wakikutana usiku kumtafuta mchawi aliyeua mtoto, nao walidhani wafanya kazi ya shirika.

Sasa tufike kwenye maneno ya kazi, maana baraza lisilo na watu wa kutenda ni barza tupu.

Neno la kwanza, ambalo latutaabisha kuliko yote, ni bure. Katika Kiswahili bure ina maana mbili. Kitu cha bure ni kitu kisicho na bei. Lakini pia tukisema, «Amekwenda bure,» maana yake amekwenda asipate kitu, safari yake ni hasara. Na mtu wa bure ni mtu asiyefaa. Lugha moja, neno moja: kipawa na hasara. Bwana wetu alipowatuma Mitume aliwaambia kwamba walichokipokea pasipo malipo wakitoe pasipo malipo, na Kiswahili cha Injili chatumia neno hilohilo. Je, wajumbe wetu wanaposikia kazi ya bure, wasikia maana ipi katika hizo mbili?

Twajua wanayoisikia, na sababu yake twaijua. Amri ya Wabelgiji ya tarehe 5 Desemba 1933 iliruhusu kila mwanamume mzima wa kijijini alazimishwe kufanya kazi mpaka siku 60 kwa mwaka: mashamba ya lazima, barabara, madaraja, nyumba za wageni wa serikali. Wakati wa vita vya mwaka 1942 siku hizo ziliongezwa zikafika 120. Wakuu waliziita kazi za faida ya wenyeji. Tena katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, ilikuja salongo. Neno ni la Kilingala, na lilipofika lilikuwa neno la furaha, la kufanya kazi pamoja kwa nyimbo. Lakini asiyetokea Jumamosi alilipa faini au alifungwa. Jirani zetu wa Rwanda wana umuganda, ulioanzishwa na serikali yao mwaka 1974. Wakenya wana harambee, ambayo Jomo Kenyatta aliiinua mwaka 1963 iwe neno la taifa zima. Maneno haya yote yalizaliwa na watu waliosaidiana kwa mapenzi, na yote, kwa kadiri ya nchi na nyakati, yaliingia mikononi mwa wenye orodha na faini. Mzee aliyebeba mawe ya barabara kwa fimbo mgongoni, ukimwita leo kwenye kazi ya bure ya parokia, msimhukumu upesi akikuna kichwa.

Ndiyo maana twapenda zaidi neno hiari. Hiari ni kuchagua, nalo latoka katika Kiarabu kama mengine. Waswahili husema hiari yashinda utumwa. Wafaransa nao wana maneno mawili, na shuleni walitufundisha yote mawili bila kutueleza tofauti: volontaire ni yule atakaye mwenyewe, bénévole ni yule atakiaye wengine mema. Mtu aweza kuwa wa kwanza bila kuwa wa pili. Tumewaona vijana waliokuja kwa hiari yao kabisa, na swali lao la kwanza lilikuwa motivasio ni kiasi gani. Wasomaji wa mbali wasishangae: kwetu siku hizi motivasio si moyo wa kutenda, ni fedha inayotolewa katika bahasha mwisho wa mkutano. Hatuwacheki vijana hao, maana mwenye watoto wanne na shamba la hatua ishirini hawezi kula sifa. Lakini neno limegeuka, na yatupasa kujua kwamba limegeuka.

Juu ya hiari twaweza kusema kwa sauti ndogo tu, kwa sababu hapa Nyangezi tuna makaburi yanayotufundisha. Misioni yetu ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1906, na Mafrera Wamaristi, waliofika Kongo mwaka 1911, wamefundisha watoto wa Nyangezi vizazi na vizazi. Baada ya wakimbizi wa Rwanda kumiminika Kivu mwaka 1994, Mafrera wanne, wote Wahispania, walikwenda kukaa nao katika kambi ya Nyamirangwe, huko Bugobe: Servando Mayor, Miguel Ángel Isla, Fernando de la Fuente na Julio Rodríguez. Vita vilipokaribia mwaka 1996 waliweza kuondoka. Walibaki, kwa sababu wakimbizi walibaki. Tarehe 29 Oktoba Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu. Siku mbili baadaye, tarehe 31, Mafrera hao wanne waliuawa Bugobe. Walizikwa hapa kwetu. Tupitapo hapo hatuoni neno lolote la kuongeza.

Tumefika kwenye neno letu. Kujitolea. Chukueni kutoa: kuondoa kitu mahali kilipokuwa. Ongezeni herufi mbili, muwe na kutolea: kutoa kwa ajili ya mtu fulani, kama Padri anavyomtolea Mungu sadaka. Tena wekeni ji, yaani nafsi ya mtendaji: kujitolea, kutoa nafsi yako kwa ajili ya mwingine. Neno hili haliwezi kusimama peke yake. Mara huuliza, kwa nani? Lakini mkiziondoa zile herufi mbili, yaani le, mwabaki na kujitoa, nalo ni neno lenye nyuso mbili. Katika sala twasema kwamba Yezu alijitoa kwa ajili yetu, na hapo ni neno takatifu. Katika kamati, katika chama, katika timu ya mpira, tukisema fulani amejitoa, maana yake ameondoka, hayumo tena.

Ilikuwa Dominika moja ya mwezi wa Oktoba, mvua zimekwisha kuanza. Baraza letu lilikutana baada ya Misa kuchagua watu wa kila mlima watakaosaidia kazi ya afya. Watu hao katika Kongo yetu huitwa reko. Hawana mshahara. Wapita nyumba kwa nyumba, waandika watoto waliozaliwa, watangaza siku ya chanjo, wamhimiza mama mwenye mimba aende kupimwa, wampeleka mwenye homa kwa muuguzi kabla homa haijapanda kichwani. Na kila eneo la afya lina kamati yake, kodesa, ambamo watu wa mahali hushauriana na wauguzi. Fikira yenyewe ni ya zamani kidogo: katika mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 mataifa yalikubali kwamba watu wenyewe wana haki na wajibu wa kushiriki katika kulinda afya yao. Si jambo dogo. Katika ugonjwa wa surua wa mwaka 2019 watu zaidi ya 6,000 walikufa katika Kongo nzima, nao wengi walikuwa watoto wadogo. Kati ya mtoto aliyechanjwa na asiyechanjwa, mara nyingi tofauti ni jirani mmoja aliyepita kusema, «Ni kesho.»

Sisi ndio tulikuwa waandishi wa baraza. Majina yaliitwa, na wengi waliinamisha vichwa. Mmoja alikuwa na safari, mwingine mke wake alikuwa mgonjwa. Ndipo aliposimama mama mmoja mjane, umri wake wapita miaka sitini, asiyejua kusoma. Alisema kwa Kiswahili cha Kivu, «Mimi najitoa. Mjukuu wangu alikufa na surua. Siku ya sindano ilipita, hatukuambiwa.» Akaketi. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Sisi tuliguswa moyo sana, na kwa kuwa twapenda maneno mazuri, penye majina ya wengine tuliandika «amekubali», lakini penye jina lake, kwa heshima, tuliandika neno lake mwenyewe, lile la sala: «amejitoa.» Tulijisifu kidogo kwa uandishi ule. Twalikiri.

Orodha ilipelekwa. Huko ilikopelekwa, aliyeinakili hakuwepo katika baraza, wala hakumsikia mama. Alisoma kama msomaji yeyote angalivyosoma: huyu amejitoa. Akalipiga jina mstari. Hatumlaumu hata kidogo.

Wenzake waliitwa kufundishwa siku tatu, wakapewa daftari, mfuko na viatu vya mpira. Yeye hakuitwa. Hakuuliza. Katika mlima wetu mama mjane haendi kuuliza baraza kwa nini limemwacha; hudhani ameonekana mzee, au mjinga, akanyamaza. Na sisi tuliokutana naye karibu kila Dominika mlangoni pa kanisa tulimsalimu, «Asinge, mama,» tukapita, tukiamini kwamba kazi yake yaendelea vema. Kwa mlima wake hapakuwa na reko mwingine, kwa sababu sisi tulijua yupo, na wao walijua hayupo.

Mwezi wa Juni, mvua zimekatika, tulimkuta njiani akipanda kutoka bondeni, mtoto wa jirani mgongoni, amempeleka kwa muuguzi na sasa amrudisha. Mkononi alishika daftari la shule lililokwisha kuchakaa. Tulimwuliza kama daftari lile ndilo alilopewa na watu wa afya.

«Sikupewa, mwanangu,» alijibu. «Nililinunua sokoni. Mtoto wa binti yangu ndiye anayeniandikia.»

«Na mfuko wako? Na viatu?»

Alitutazama kwa mshangao. «Si ninyi wa baraza mlionikataa? Mimi nilisema, hawa wamenikataa, lakini watoto hawajanikataa. Nikaenda tu.»

Tulikaa naye kwenye jiwe kando ya njia, tukalifungua daftari. Majina ya watoto, nyumba kwa nyumba, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la nne. Siku za chanjo alikuwa akizisikia sokoni kwa reko wa milima mingine, akazirudisha mlimani kwake kwa miguu. Penye chanjo ya mwezi wa Machi kulikuwa na nyumba nne, za upande wa mto, ambazo hazikuwa na alama. Tulimwuliza. Alisema kwamba siku zile yeye mwenyewe alikuwa na homa, na hakuwa na mtu wa kumtuma. Wenzake, wakiugua, humjulisha muuguzi, naye humtuma reko wa mlima mwingine. Kwa ajili yake hakuna aliyejua kwamba kuna wa kuugua. Watoto wa nyumba zile nne walichanjwa baadaye, twamshukuru Mungu, wala hakuna aliyedhurika. Lakini usiku ule hatukulala vema. Tulizihesabu zile nyumba nne, na tulijua majina ya watoto.

Jioni ileile tulilitafuta daftari la baraza. Mwandiko ulikuwa wetu, mzuri, wino mweusi: amejitoa.

Katika mkutano uliofuata tulisimama tukaeleza yote. Haikuwa rahisi, maana mwandishi wa baraza azoea kusahihisha makosa ya wengine. Wengine walicheka kwa sababu ya zile herufi mbili. Na kweli kwa upande mmoja ni jambo la kuchekesha. Mzee mmoja, kwa kutaka kutufariji, alisema, «Acheni, ni shauri ya Mungu.» Tulimjibu kwa adabu kwamba hapana, baba, hii ilikuwa shauri yetu. Yule kijana wa mbuzi naye alikuwapo. Aliuliza kwa nini katika miezi minane hakuna mjumbe hata mmoja aliyepanda mlima ule kumwuliza mama habari za kazi yake. Angalipanda mmoja, mara moja tu, kosa la mwandishi lingaligunduliwa siku hiyohiyo. Hatukuwa na jibu, na Padri Paroko hakuwa nalo pia. Iliamuliwa, na hapa neno ni lake Padri kwa ushauri wetu, kwamba orodha yoyote ya watu wa kujitolea isomwe kwa sauti mbele ya kanisa, nje, wenyewe wakisikia majina yao, kabla ya kupelekwa popote.

Tulikwenda nyumbani kwake siku ya pili kuomba msamaha. Alitupa kiti kwenye barza, akatuletea maji na viazi vitamu. Tulimweleza tofauti ya maneno mawili, kujitoa na kujitolea, kwa urefu kama tulivyowaeleza ninyi. Alisikiliza kwa uvumilivu mkubwa, akimenya kiazi.

«Na sasa utaandika lipi?» aliuliza.

Tulimwambia, «Amejitolea.»

«Na mtu wa kule akisoma vibaya tena?»

Hatukujua la kusema.

«Andika kwamba naenda,» alisema. «Hilo hata mtoto atalisoma.»

Basi katika orodha mpya, iliyosomwa mbele ya kanisa Dominika iliyofuata, penye jina lake pameandikwa: anakwenda. Kijana wa mbuzi amejiandikisha kuwa msaidizi wake kwa upande wa mto, zilipo zile nyumba nne. Mfuko ulifika mwezi wa Agosti, na viatu pamoja nao. Jumanne iliyopita tulimwona akipita mbele ya nyumba yetu, daftari kwapani, viatu vya mpira bado vipya. Alikuwa amevivua na kuvibeba mkononi, kwa sababu, alisema, vyamchelewesha kwenye mtelemko.